Itetemia: Historia ya Udongo, Miembe na Miale ya Leza

Wadau, leo tuongelee kupima. Sisemi kupima viwanja, maana huko kuna kesi nyingi na blogu hii ni ndogo. Nataka tuongelee kupima nchi yenyewe, miinuko na mabonde yake, na hasa kipande kimoja ambacho wasafiri wengi wa reli ya kati hukipita bila kukitazama. Kipande hicho ni Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora, mahali penye ikulu ya watemi wa Unyanyembe. Na kwa taarifa ya wanaodhani neno Ikulu lilizaliwa Magogoni, neno hilo limetoka huku huku, kwa Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma.

Kwa nini Itetemia? Kwa sababu kila baada ya miezi michache magazeti ya dunia hutangaza kwamba mji fulani uliopotea umepatikana msituni kwa kutumia laida, yaani miale ya leza inayorushwa kutoka angani na kupima ardhi nukta kwa nukta. Mwaka 2009 ilikuwa Caracol kule Belize. Mwaka 2012 Angkor, Kambodia. Mwaka 2018 Kweneng, karibu na Johannesburg. Mwaka 2024 bonde la Upano kule Ekwado. Kila habari kama hiyo inapotoka kuna mtu huniuliza: je, na sisi? Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kilomita kama 1,200, ambayo maelfu kwa maelfu ya wapagazi waliikanyaga na pembe za ndovu mabegani, leza haitaiona?

Nimelifikiria swali hilo kwa muda, na nimetumia usiku kadhaa mbele ya kompyuta nikichezea programu za ramani. Jibu langu ni kwamba leza itaona. Tatizo linakuja baadaye, pale data inaposafishwa. Kwa taratibu za kawaida za kusafisha, vitu vya kwanza kutupwa ndivyo hivyo hivyo vinavyobeba historia ya Itetemia. Nitaeleza, lakini kwanza turudi nyuma kidogo, maana Tabora si mgeni wa vipimo.

Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliingia Kazeh, ndivyo walivyoiita sehemu hiyo ya Tabora, wakapokelewa na mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Snay bin Amir. Mtemi wa Unyanyembe wakati huo alikuwa Fundikira. Wageni hawa walikuwa na kazi ya kupima urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, na chombo chao kikubwa kilikuwa sufuria ya maji na kipimajoto. Usicheke. Ukipanda juu, hewa inapungua uzito na maji yanachemka kwa joto dogo zaidi, takriban digrii moja ya selsiasi kwa kila mita 300. Basi unachemsha maji, unasoma kipimajoto, unapiga hesabu.

Tatizo ni kwamba kosa dogo kwenye kipimajoto ni kosa kubwa kwenye ramani. Walipofika Tanganyika mwaka 1858, vyombo vyao vizuri vikiwa vimeharibika njiani, walipata kwamba ziwa liko kama futi 1,850 juu ya bahari. Ukweli ni zaidi ya futi 2,500. Wamekosea mita kama 200, na kosa lote hilo ni chini ya digrii moja. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Speke alimwacha Burton Kazeh, akaondoka na Sidi Mubarak Bombay kuelekea kaskazini. Tarehe 3 Agosti akafika Mwanza, akachemsha maji yake kando ya Nyanza, akapata futi 3,740. Leo tunajua ziwa liko kama futi 3,720. Safari hii alipatia kwa tofauti ya futi 20! Kipimo hicho kilimpa nguvu ya kusema kwamba Nyanza ndiyo chimbuko la Nile, na kipimo kibovu cha Tanganyika kikawapa wapinzani wake nafasi ya kumwambia kwamba vipimajoto vyake havifai. Ugomvi uliendelea hadi Speke alipokufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Burton. Novemba 1871 Livingstone na Stanley wakapiga makasia hadi mdomo wa mto Rusizi na kuona kwa macho kwamba maji yanaingia Tanganyika, hayatoki. Wavuvi wa pale walikuwa wanajua siku zote, ila hakuna aliyekuwa ameweka maneno yao kwenye safu ya data.

Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka uikumbuke tunapoingia kwenye leza.

Laida inafanya kazi hivi. Chombo kinarusha mwali mfupi wa mwanga kwenda chini, mwali unagonga kitu, sehemu yake inarudi. Chombo kinahesabu muda. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo mita moja ya kwenda na kurudi ni kama nanosekunde 6.7, na chombo lazima kijue pia kilikuwa wapi na kimeinama vipi wakati kinarusha. Mwali mmoja ukiangukia mti unaweza kurudisha majibu kadhaa: jani la juu, tawi la kati, kisha ardhi. Droni ya siku hizi yenye kifaa hiki inakusanya nukta laki mbili na zaidi kwa sekunde moja. Kila nukta ina mashariki yake, kaskazini yake, kimo chake, nguvu ya mwangwi wake, na namba ya jibu. Zikiwekwa pamoja kwenye kompyuta zinaitwa wingu la nukta, na kweli zinafanana na wingu, au na vumbi la barabara ya Nzega kabla ya lami.

Wingu hili ni zito. Muundo wa faili unaotumiwa sana unaitwa LAS, na katika toleo lake la 1.4 nukta moja ya kawaida inachukua baiti 30. Ukipima kwa nukta 100 kila mita ya mraba, hekta moja ni nukta milioni moja, yaani megabaiti 30. Kilomita moja ya mraba ni gigabaiti 3. Mjerumani Martin Isenburg, aliyefariki mwaka 2021, alitengeneza muundo wa kubana uitwao LAZ unaopunguza mzigo hadi robo au chini ya hapo bila kupoteza nukta hata moja, na akauachia watu watumie bure. Sisi wenye kompyuta za mkononi za bei poa tunamdai mtu huyu shukrani. Programu ya QGIS, ambayo nayo ni ya bure, inafungua mawingu ya nukta tangu toleo la 3.18 la mwaka 2021. CloudCompare pia ni ya bure. Kwa hiyo kisingizio cha leseni hakipo.

Je, Tanzania haijawahi kuguswa na leza? Imeguswa. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zilipimwa kwa leza za kusimamishwa chini na timu ya mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, chini ya Heinz Rüther, na leo Msikiti Mkuu wa Kilwa upo kwenye kompyuta ukuta kwa ukuta. Liwale, mkoani Lindi, misitu ya miyombo ilipimwa kwa ndege yenye leza mwaka 2012 na tena 2014 na watafiti wa Norwei wakishirikiana na wenzao wa hapa, ili kujua miti ina kaboni kiasi gani. Zanzibar kuanzia mwaka 2016 walirusha droni juu ya visiwa vyote, lakini hiyo ilikuwa kazi ya picha, na nukta zilizaliwa kutokana na picha kupishana. Tofauti yake ni kubwa: picha haipenyi jani. Ukipiga picha mwembe kutoka juu unapata mwembe tu.

Angalia mpangilio huo. Kilwa ina mawe. Liwale ina miti. Tabora ina nini? Ina udongo na miembe. Nitarudi hapo.

Kwa Tabora, kitu ambacho mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kupakua bila kumwomba mtu ni GEDI, leza ya NASA iliyofungwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga mwezi Desemba 2018. Ilihifadhiwa kando Machi 2023 kisha ikarudishwa kazini Aprili 2024. Inapita juu ya nchi zote zilizo karibu na ikweta, na sisi tumo. Nimepakua mistari yake inayokatiza Unyanyembe. Inasisimua kwa dakika kumi za mwanzo, kisha unaanza kuelewa mipaka yake. Kila alama ya mwanga chini ina upana wa mita 25. Kati ya alama na alama kuna mita 60, na kati ya mstari na mstari mita 600. Hilo si wingu, ni matone machache ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Linakuambia msitu una kimo gani kwa wastani. Halikuambii kama mti ni mninga au mwembe, wala kama chini yake kulikuwa na nyumba.

Hata hivyo kuna somo moja nililipata kutoka kwenye matone hayo. Niliyaweka juu ya ramani ya zamani ya serikali ya kipimo cha moja kwa elfu hamsini, na kila kitu kikakaa pembeni. Kijito hakikutana na bonde lake. Sababu ni kwamba ramani zetu za karatasi zilijengwa juu ya mfumo uitwao Arc 1960, uliotokana na upimaji wa meridiani ya 30 uliofanywa kutoka kilima hadi kilima, wakati data ya setilaiti inatumia WGS 84. Kwa nchi yetu tofauti ya mifumo hii miwili ni kama mita 300. Mita 300 Itetemia ni kuchukua ikulu na kuiweka kwenye shamba la mtu mwingine. Ukiiambia QGIS kwamba ramani ni EPSG 21036 na data ni EPSG 32736, inajirekebisha yenyewe. Usipoiambia haikuonyi, inachora tu. Na vimo navyo vina lao: GEDI inapima kutoka kwenye umbo la dunia la kihesabu na si kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Tabora inaonekana iko chini kwa zaidi ya mita 10 kuliko vitabu vinavyosema. Speke angeelewa haraka sana shida hii.

Haya, sasa turudi kwenye udongo na miembe.

Ukishapata wingu la nukta, kazi ya kwanza ambayo kila mwongozo unakufundisha ni kuzipanga nukta kwa makundi. Makundi yana namba zinazokubalika dunia nzima. Namba 2 ni ardhi. Namba 3, 4 na 5 ni mimea mifupi, ya kati na mirefu. Namba 6 ni majengo. Namba 9 ni maji. Kisha unafuta kila kitu isipokuwa namba 2, unatengeneza uso wa ardhi tupu, unaupiga kivuli cha jua la uongo, na mji uliopotea unajitokeza. Hivyo ndivyo Caracol ilivyojitokeza. Wanaakiolojia Arlen na Diane Chase walikuwa wametembea msituni kwa miaka 25 na kuchora kilomita za mraba kama 23. Ndege ikawapa kilomita 200 kwa siku chache. Kweneng vile vile: Karim Sadr wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand aliondoa mimea, chini yake kukawa na kuta za mawe za mamia ya maboma ya Watswana.

Sasa jaribu hivyo Unyanyembe. Futa namba 5. Umefuta nini? Umefuta miembe.

Kwa asiyefika huko, miembe ndiyo mnara wa njia ya misafara. Kuanzia Bagamoyo hadi Ujiji, kila kambi kubwa ilikuwa nayo, na Tabora imejaa. Wapo wanaosema ilipandwa na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ili wapagazi wapate kivuli na tunda. Wapo wanaosema ilichipua yenyewe kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa na wapagazi waliopita. Mimi naelekea upande wa kwanza pale inapokaa kwa mstari, maana kokwa iliyotupwa haijipangi, lakini si kila mahali imekaa kwa mstari, na pengine hadithi zote mbili ni za kweli kwa miti tofauti. Swali kama hilo wingu la nukta lingeweza kulijibu, kwa kupima nafasi kati ya shina na shina katika maelfu ya miti. Lakini haliwezi kulijibu kama tumeitupa miti kwenye pipa la takataka kabla ya kuangalia.

Njia yenyewe chini haitaonekana, au itaonekana kwa shida sana. Msafara wa Wanyamwezi ulikwenda mtu mmoja nyuma ya mwenzake, kila mpagazi na mzigo wa kama frasila mbili, kilo 30 na ushee. Ilikuwa njia ya mguu, iliyohama kila msimu kukwepa dimbwi au mti ulioanguka. Hakukuwa na tuta wala jiwe la kando. Kwa hiyo kama unatafuta barabara kwenye namba 2 utakesha. Ukitafuta kwenye namba 5 una bahati zaidi.

Na kuna mbinu ya kuutambua mwembe, ambayo mkulima yeyote wa Tabora angeweza kuwafundisha watu wa leza. Miyombo inapukutisha majani kiangazi. Mwembe haupukutishi. Ukirusha droni mwezi Agosti, kabla miyombo haijachipua, miali inapita kwenye matawi matupu hadi chini, lakini juu ya mwembe inakwama. Kwenye wingu utaona vichwa vizito vya mviringo na chini yake karibu hakuna nukta za ardhi. Mtu anayeangalia ardhi tupu ataita hilo tundu la data. Kwa mtu wa Itetemia, hilo ni mwembe.

Udongo ni kesi ngumu zaidi. Nyumba za Unyamwezi za wakati wa misafara, za wenyeji wakubwa na za Waarabu, zilikuwa tembe: kuta nene za udongo na miti, paa la bapa lililofunikwa udongo, vyumba vikizunguka ua. Jumba la Kwihara ambamo Livingstone alikaa hadi alipoondoka Agosti 1872 lilikuwa tembe, na linaloonekana leo na watalii limejengwa upya. Tembe lisipotunzwa, mchwa wanakula miti, paa linashuka, kuta zinayeyuka kwa mvua. Baada ya miaka mia linabaki tuta pana lisilofika kiuno, mara nyingi halifiki hata goti. Ngome ya Mtemi Isike nayo ilikuwa ya udongo na miti. Wajerumani walishindwa kuichukua mwaka 1892, hadi Januari 1893 Tom von Prince alipoivunja, na Isike akajilipua kwa baruti yake mwenyewe kuliko kushikwa. Ukuta uliowazuia Wajerumani, kwa kompyuta, ni ardhi iliyoinuka kidogo.

Programu inajuaje kwamba nukta fulani ni ardhi? Kuna mbinu moja maarufu, ipo ndani ya CloudCompare, ambayo naieleza kwa kanga. Chukua mandhari yote, ipindue juu chini, kisha tandaza kanga juu yake. Kanga italala kwenye ardhi iliyopinduliwa. Miti iliyopinduliwa imekuwa mashimo, na kanga inavuka juu ya mashimo bila kuzama. Nukta zilizo karibu na kanga zinaitwa ardhi, zilizo mbali zinaitwa kitu kingine. Wewe unachagua kanga iwe laini au ngumu, na ukaribu uwe kiasi gani. Kiwango kinachokuja na programu ni nusu mita. Ukichagua kanga ngumu kwa kuwa Tabora ni tambarare, ndivyo mwongozo unavyoshauri, tuta la tembe lenye sentimita 80 linageuka shimo ambalo kanga inalivuka. Tembe limefutwa, limeingia kwenye kundi la vichaka. Ukichagua kanga laini sana, tembe linabaki, na kila kichaka nacho kinabaki. Halafu watu hupenda kulainisha uso wa ardhi ili ramani ipendeze. Sentimita 30 za tuta la zamani zinakwenda na maji hapo hapo.

Nisiseme kana kwamba udongo hauonekani. Angkor ilikuwa na mahekalu ya mawe, lakini watu wake waliishi kwenye nyumba za miti juu ya vilima vya udongo, na leza ya 2012 ilionyesha gridi nzima ya vilima hivyo. Upano ni majukwaa ya udongo zaidi ya 6,000. Inawezekana. Lakini waliofanya kazi hiyo walikuwa wanajua wanatafuta udongo, wakaweka kanga yao ipasavyo.

Na sisi tuna kitu ambacho kinachanganya zaidi: vichuguu. Miyombo ya Unyamwezi imejaa vichuguu, vingine virefu kuliko mtu, vipana kama chumba. Kwenye wingu la nukta, kichuguu kilichomomonyoka na tembe lililomomonyoka ni ndugu. Kompyuta itasema vyote ni tuta. Nilipokuwa Itetemia nilitembezwa na mzee mmoja, na nilipomwonyesha mwinuko mmoja nikasema, mzee, hiki si kichuguu? Akatikisa kichwa. "Mjukuu wangu, kichuguu hakina kona," akasema, kisha akainama akaokota kigae cha chungu, akanipa. Mwinuko wa pili nilidhani ni nyumba kwa sababu ulikuwa mpana. Huo akaupita bila kusimama. Hapo watu walikuwa wanachimba udongo wa kufyatulia matofali, basi.

Kona na kigae. Kona inaweza kupimwa na leza kama nukta ni nyingi za kutosha. Kigae hakipimwi, lazima mtu ainame.

Ndiyo maana nasema mpangilio wa kawaida, yaani rusha kwanza, safisha, kisha uende uwanjani kuhakikisha, kwa Itetemia ugeuzwe. Anza na watu. Zunguka na wazee ukiwa na GPS ya simu, andika kila mwembe wenye jina, kila tuta lenye kona, kila kisima kilichofukiwa. Halafu ndipo uombe kibali cha TCAA urushe droni mwezi Agosti, na uweke kanga yako kwa kufuata kile ulichokwisha kujua kipo. Mwalimu mmoja wa jiografia aliniambia hilo ni kuipendelea data. Mimi naona upendeleo tayari upo, umo kwenye ile nusu mita inayokuja na programu, na aliyeiweka hakuwa anafikiria tembe.

Mwendo nao ni wa haraka kuliko tunavyodhani. Manispaa ya Tabora ilikuwa na watu 226,999 kwenye sensa ya 2012, na kwenye sensa ya 2022 ilipita laki tatu. Watu hao wanahitaji viwanja, na ni haki yao. Matofali yanatoka ardhini, na udongo rahisi kuchimba ni ule uliokwisha chimbwa na kufinyangwa zamani, yaani udongo wa tembe. Mwembe mzee ukianguka, mstari unapata pengo, na baada ya mapengo matatu au manne hakuna tena mstari wa kuupima. Njia hii ya misafara, pamoja na Kwihara, imo kwenye orodha ya matumaini ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Orodha hiyo inataja vituo sita, Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde vikiwemo. Kati ya kituo na kituo kuna mamia ya kilomita ambayo hayana kibao wala mlinzi. Yana miti tu.

Jambo la mwisho ni la kiufundi, nisamehewe. Toleo la 1.4 la LAS, lililopitishwa mwaka 2011, limeacha namba za makundi kuanzia 64 hadi 255 wazi, mtumiaji ajaze atakavyo. Watu wengi hawazigusi. Kwenye faili langu la majaribio, lile ninalotengeneza kwa nukta za GPS nilizokusanya Itetemia, 64 nimeipa miembe iliyokaa kwa mstari, 65 miembe iliyo peke yake, 66 tuta lenye kona, 67 tuta lenye kona na kigae, na 68 kichuguu. Yule mzee nilipomsomea orodha hiyo kwa simu aliuliza makaburi yana namba gani. Nimeyapa 69.